Uchunguzi wa Kiwanda cha Hawthorne na Mafunzo Yake kwa Wanaushirika



Kurasa nyingine za kijitabu hiki zimeeleza habari za miaka kumi ya Chama Kikuu chetu: kahawa iliyokusanywa, maghala yaliyojengwa, na wenyeviti waliotuongoza. Sisi tuliokabidhiwa kalamu na daftari za ushirika tumeona vema kuongeza sura moja ya historia ambayo si ya kwetu, ili tupate kujipima kwayo. Mwenda pekee hudhani mwendo wake ndio mwendo wa watu wote.

Historia hiyo ni ya kiwanda kimoja cha Marekani, na ya wataalamu wa chuo cha biashara waliokwenda kukichunguza. Swali lililowapeleka huko ni lile lile linalotusumbua kila msimu: kwa nini watu walio katika shirika moja mara hufanya kazi kwa moyo, na mara hufanya kwa kujizuia? Kwetu sisi, mwanachama mmoja huleta kahawa yake yote kwenye mizani ya chama, na jirani yake huleta nusu. Nusu ya pili imekwisha kuuzwa usiku kwa mlanguzi, ama iliuzwa zamani ingali mtini. Aghalabu twamwita huyo wa pili msaliti, na maneno yakaishia hapo. Wataalamu wale hawakuishia kwenye lawama. Walikaa na watu, wakatazama, wakauliza, wakaandika kwa miaka mingi. Waliyoyaona yanatufaa, na waliyokosea yanatufaa vilevile.

ELIMU YA KAZI ILIVYOANZA

Katika siku za viwanda vya kwanza, mwenye kiwanda hakuona haja ya kumchunguza mfanyakazi. Alimhesabu asubuhi, akamlipa mwisho wa juma, na aliyechoka akabadilishwa kwa mwingine aliyekuwa akingoja mlangoni. Mwishoni mwa karne ya 19, mhandisi wa Marekani aitwaye Frederick Winslow Taylor akaanza kuipima kazi kwa saa ya mkononi, sekunde kwa sekunde. Mwaka 1911 alichapisha kitabu cha kanuni za kusimamia kazi kwa njia ya sayansi. Rai yake ilikuwa kwamba kila kazi ina njia moja iliyo bora kuliko zote. Mtaalamu aitafute, mfanyakazi aifuate, na akiifuata alipwe zaidi. Mfanyakazi hakutakiwa kufikiri. Kufikiri kulikuwa ni kazi ya afisi.

Wakati huo huo vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa vikifungua milango kwa elimu ya biashara. Chuo cha Wharton, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kilianzishwa mwaka 1881, na Chuo cha Biashara cha Harvard kikafuata mwaka 1908. Mwanzoni masomo makubwa yalikuwa hesabu, mikataba, benki na uchukuzi. Somo la mwanadamu mwenyewe, yaani yule anayeibeba hesabu na kuutimiza mkataba, lilikuja nyuma. Mlango mkubwa lililoingilia ni kiwanda cha Hawthorne.

Kiwanda hicho kilikuwa Cicero, kando ya mji wa Chicago. Kilikuwa mali ya kampuni ya Western Electric, iliyotengeneza vyombo vya simu, na mwaka 1929 kilikuwa na watu wapatao 40,000. Wengi wao walikuwa wahamiaji, au watoto wa wahamiaji, kutoka nchi za mashariki ya Ulaya. Kampuni hiyo haikuwa miongoni mwa zile mbaya. Ilikuwa na hospitali yake, mpango wa pensheni, mpango wa kuweka akiba, na michezo kwa wafanyakazi wake. Hata hivyo, wakuu wake hawakujua kwa hakika ni jambo gani linalomfanya mtu afanye kazi vizuri zaidi.

JARIBIO LA TAA

Kati ya mwaka 1924 na 1927, chini ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, wahandisi walifanya majaribio ya mwanga katika kiwanda hicho. Watengenezaji wa taa walitamani ithibitishwe kwamba mwanga mwingi huongeza kazi, kwa maana jambo hilo lingeongeza pia biashara yao. Wafanyakazi wakagawanywa mafungu mawili. Fungu moja likaongezewa mwanga, jingine likaachwa na mwanga wa siku zote. Kazi ikaongezeka katika mafungu yote mawili. Wakaupunguza mwanga, na kazi haikushuka kama walivyotazamia. Katika jaribio moja mwanga ulipunguzwa hata ukawa kama wa mbalamwezi, na wasichana wawili waliokuwa wakijaribiwa wakaendelea na kazi yao bila kulegea.

Wahandisi wakakiri kwamba taa peke yake haitoshi kulieleza jambo hili. Ndani ya vyumba vile mlikuwa na kitu kingine, nao hawakuwa na kipimo chake.

CHUMBA CHA WASICHANA SITA

Mwezi wa Aprili mwaka 1927 kampuni ikaanza uchunguzi wa pili. Wasichana sita walitolewa katika ukumbi mkubwa, wakawekwa katika chumba chao peke yao. Watano waliunganisha rilei, nayo ni swichi ndogo ya simu yenye vipande vipatavyo 35. Wa sita aliwapangia vipande. Kuiunganisha rilei moja kulichukua kadiri ya dakika moja, na mashine ikapiga alama katika karatasi kila rilei ilipokwisha. Mtazamaji aliketi nao chumbani akiandika joto la hewa, mazungumzo yao, saa walizolala usiku, na vyakula walivyokula.

Kwanza malipo yao yalibadilishwa. Hapo awali ujira wao ulihesabiwa pamoja na watu wapatao mia wa idara nzima. Sasa ukahesabiwa kwa kikundi chao kidogo, hata juhudi ya kila mmoja ikaonekana katika mfuko wake. Kisha wakapewa mapumziko mawili ya dakika tano, halafu mawili ya dakika kumi, halafu sita ya dakika tano. Haya sita hawakuyapenda, wakasema yanawakatiza mwendo wa kazi. Wakapewa chakula kidogo cha asubuhi. Wakaruhusiwa kutoka saa kumi na nusu badala ya saa kumi na moja, kisha saa kumi kamili. Kabla ya kila badiliko waliulizwa maoni yao, na mara nyingine maoni hayo yalifuatwa.

Mwezi wa Septemba mwaka 1928 wakarudishwa katika hali ya zamani kwa wiki kumi na mbili: saa ndefu, bila mapumziko, bila chakula. Watu walitazamia kazi ianguke. Jumla ya kazi ya wiki ikapanda kuliko ilivyopata kuwa. Mapumziko yaliporudishwa ikapanda tena. Msichana aliyekuwa akitengeneza rilei zipatazo 2,400 kwa wiki mwanzoni, sasa alitengeneza zipatazo 3,000.

Mwaka huo huo wa 1928 alifika Hawthorne Profesa Elton Mayo wa Chuo cha Biashara cha Harvard. Alikuwa mzaliwa wa Adelaide, Australia, mwaka 1880, na alikuwa ameingia Harvard mwaka 1926. Pamoja naye alikuwapo msaidizi wake Fritz Roethlisberger. Mayo alitoa maelezo yaliyoenea duniani kote. Alisema kwamba wasichana wale wamekuwa jamii. Hawakusimamiwa tena kwa ukali, waliulizwa maoni, waliruhusiwa kuzungumza, wakajiona kuwa watu wenye maana. Kwa kauli yake, saa ya mkononi ya Taylor ilipima mikono, nayo ikauacha moyo.

MASIKIO YA KAMPUNI

Kutokana na hayo kampuni iliazimu kuwasikiliza watu wake wote. Mwezi wa Septemba mwaka 1928 wasikilizaji waliofundishwa walianza na idara ya ukaguzi, yenye watu wapatao 1,600. Kufikia mwaka 1930 walikuwa wamezungumza na wafanyakazi zaidi ya 20,000.

Mwanzoni msikilizaji alikuja na orodha ya maswali: Wampenda msimamizi wako? Joto la chumba likoje? Upesi ikaonekana kwamba mfanyakazi hujibu swali kwa kifupi, kisha huingia katika jambo lake mwenyewe ambalo halimo katika orodha. Basi wakaziacha orodha. Msikilizaji akaagizwa asikatize maneno, asitoe hukumu, asibishane, aandike atakayoambiwa. Mazungumzo yaliyokuwa ya nusu saa yakawa ya saa moja na nusu. Ikajulikana kwamba lalamiko mara nyingi lina tabaka mbili. Mtu asema mashine ni mbovu. Ukikaa naye utagundua kwamba msimamizi alimtukana mbele ya wenzake, au ana mgonjwa nyumbani, au amehamishwa meza na kutengwa na marafiki zake. Wengi walitoka katika mazungumzo wakiwa na nafuu, na wengine wakasema hali ya kazi imekuwa njema, ijapokuwa hapakuwa na lililobadilishwa.

Maneno hayo ya mwisho tunawaomba wasomaji wayashike, maana tutayarudia.

MAFUNDI KUMI NA WANNE

Uchunguzi wa mwisho ulianza Novemba mwaka 1931, ukaisha Mei mwaka 1932. Huu watu huutaja kwa nadra, ingawa kwetu sisi ndio wenye faida kubwa zaidi. Mtaalamu wa mila za watu, W. Lloyd Warner, aliyekuwa amekaa na wenyeji wa kaskazini ya Australia akijifunza desturi zao, aliwashauri wachunguzi waukalie ukumbi wa kiwanda kama mgeni akaavyo kijijini: atazame, asibadilishe kitu. Wanaume kumi na wanne wakawekwa katika chumba kimoja, tisa wakifunga nyaya za mitambo ya simu, watatu wakilehemu, wawili wakikagua.

Walilipwa kwa kazi ya kikundi, kwa hiyo kwa hesabu ya afisi kila mmoja alipaswa kutamani kazi iongezeke. Afisi iliwapangia kiwango cha viungo zaidi ya 7,000 kwa siku kwa kila mfungaji. Mafundi wenyewe walikuwa na kiwango chao, ambacho hakikuandikwa popote: mitambo miwili kwa siku, yaani viungo 6,000 hivi au zaidi kidogo, basi. Aliyezidisha alipewa jina la kumwaibisha. Aliyepunguza mno akapewa jingine. Aliyewapelekea wakubwa habari za wenzake akapewa la tatu, lililo baya kuliko yote. Aliyekaidi alipigwa ngumi begani, nayo ilikuwa desturi inayojulikana na wote. Waliofanya zaidi leo walificha ziada wakaitangaza kesho, ili hesabu ionekane sawa kila siku. Msimamizi wa karibu aliyajua haya yote akanyamaza, kwa kuwa naye ilimpasa kuishi na watu wake.

Walipoulizwa kwa nini, walijibu kwamba wakizidisha kazi, kiwango cha malipo kitashushwa, au baadhi yao watafukuzwa. Kampuni ilikuwa imeahidi kwamba haitashusha malipo bila sababu. Hawakuiamini. Wakati huo ndio uliokuwa wa msukosuko mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929, na maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi wa Hawthorne walikuwa wakiachishwa kazi. Chumba hiki nacho kikafungwa kwa kukosa kazi.

Hapa wataalamu waliona ya kwamba ndani ya shirika lililoandikwa vitabuni, lenye mkuu na wasaidizi na sheria zake, mna shirika jingine lisiloandikwa, lenye wakubwa wake, sheria zake na adhabu zake. Shirika hili la pili laweza kulisaidia lile la kwanza, na laweza kulizuia bila kutamka neno. Roethlisberger, pamoja na William Dickson aliyekuwa mtu wa kampuni, walikusanya yote haya katika kitabu kikubwa kilichotolewa mwaka 1939, na kitabu hicho kikasomwa katika vyuo vya biashara vya nchi nyingi.

WATAALAMU WAKOSOLEWA

Ingekuwa udhaifu kuwapa wanachama sifa za uchunguzi huu tukawaficha lawama zake. Elimu ni kama kahawa: haina budi kuchambuliwa.

Mwaka 1967 mtaalamu wa Australia, Alex Carey, aliyasoma tena maandishi ya Hawthorne akaonyesha jambo lililopitwa kwa haraka. Wasichana wa chumba kile hawakuwa wale wale siku zote. Mwezi wa Januari mwaka 1928 wawili kati ya watano waliokuwa wakiunganisha rilei waliondolewa kwa sababu ya kuzungumza mno na kazi yao kuwa pungufu, wakaletwa wengine wawili wenye bidii zaidi. Ni vigumu kusema kwamba kazi ilipanda kwa upole wa msimamizi peke yake, ilhali waliokuwa nyuma waliondolewa. Tena kulikuwa na suala la ujira. Kampuni yenyewe ilijaribu kikundi cha pili kwa kubadilisha njia ya malipo tu, na kazi ikapanda kwa asilimia 12 hivi. Njia ya zamani iliporudishwa, kazi ikashuka. Mwaka 1978 Richard Franke na James Kaul walizipiga hesabu upya, wakasema kwamba sehemu kubwa ya ongezeko ilitokana na nidhamu, hofu ya msukosuko wa uchumi, na mapumziko. Nao Steven Levitt na John List, wachumi wa Chicago, walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wao juu ya hesabu za jaribio la taa, wakaona kwamba kisa hicho kimesimuliwa kwa utamu kuliko hesabu zenyewe zinavyoruhusu.

Lawama ya mwisho ndiyo iliyo nzito kwetu. Mayo na wenzake walisikiliza kwa niaba ya mwenye kiwanda. Kuanzia mwaka 1936 kampuni iliweka washauri wa kudumu wa kusikiliza wafanyakazi, na kazi hiyo ikaendelea kwa miaka ipatayo ishirini. Washauri hao walikuwa watu wema, lakini hawakuwa na mamlaka ya kubadilisha chochote. Mtu aliingia na mzigo, akaueleza, akapata nafuu, akarudi kwenye meza ile ile. Habari za chama cha wafanyakazi, yaani haki ya mfanyakazi kukaa meza moja na mwajiri na kukubaliana naye, zilichukua nafasi ndogo sana katika maandishi ya Mayo. Msukosuko ulipokuja, masikio yale hayakumzuia hata mmoja asifukuzwe. Kusikilizwa ni heshima, nasi hatuidharau. Walakini anayesikilizwa bila kuwa na sauti katika maamuzi ni mgeni katika nyumba ya mtu mwingine.

YANAYOTUHUSU SISI

Vyama vya ushirika vilizaliwa kujibu upungufu huo hasa. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, wakiwamo wafumaji wa nguo, walifungua duka lao na kuweka kanuni ambayo sisi twaifuata mpaka leo: kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Mkulima mwenye miche mia na mkulima mwenye miche elfu tatu huinua mkono mmoja mmoja katika mkutano mkuu. Wale mafundi kumi na wanne hawakupata kuwa na haki hiyo hata siku moja.

Basi, kiwanda kilikuwa na masikio bila kura. Swali la kujiuliza katika sherehe hizi za miaka kumi ni hili: Je, sisi hatuna kura bila masikio?

Mkutano mkuu wa mwaka hufunguliwa saa nne, ijapokuwa barua ilisema saa mbili. Taarifa ya hesabu husomwa kwa haraka, yenye makato ambayo wengi hawayaelewi: ushuru, usafiri, magunia, riba ya mkopo wa benki. Mwenyekiti huuliza, "Mnakubali?" Mikono huinuliwa. Kisha wanachama hurudi vijijini, na mkutano wa pili, usio na mwenyekiti wala kumbukumbu, huanza njiani na kwenye vilabu vya pombe. Huko ndiko huulizwa kwa nini malipo ya pili yamechelewa, kwa nini mizani ya chama inasoma chini ya mizani ya nyumbani, kwa nini karani humpokea ndugu yake kwanza na mama mjane akaachwa juani. Huko ndiko huamuliwa pia, bila kuandikwa, ni magunia mangapi yatakayokwenda chamani na ni mangapi yatakayobaki uvunguni.

Hayo ni yale yale ya mafundi wa Hawthorne. Kiwango cha afisi kimo katika makisio ya msimu. Kiwango cha wanachama kimo vifuani mwao. Mafundi walijizuia kwa kuwa hawakuiamini ahadi ya kampuni. Mkulima aliyepunjwa msimu mmoja naye hujizuia misimu mitatu. Ukali wa sheria peke yake hautaliondoa jambo hili, kwa maana hata msimamizi wa karibu, ambaye kwetu ni mjumbe wa bodi ya chama cha msingi, hujua kahawa inakokwenda, akanyamaza kwa kuwa ni jirani na shemeji wa watu wale wale.

Nchi yetu ina ushahidi wake katika mambo haya. Kule Kilimanjaro wakulima walianzisha chama chao cha kahawa mwaka 1925, na Chama Kikuu kikaundwa mwaka 1933. Hivyo ushirika ulikuwa mti wenye mizizi mirefu. Hata hivyo, mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya Tanzania vilivunjwa kwa amri ya Serikali, na kazi yake ikakabidhiwa mamlaka za mazao na vijiji. Wanachama hawakupigiwa kura. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, lakini mamlaka iliyorudishwa kwa sheria katika siku moja haikurudisha imani ya watu katika siku hiyo hiyo. Imani hurudi taratibu, kwa malipo yanayofika kwa wakati na kwa maswali yanayojibiwa.

Kuna jambo jingine katika chumba cha wasichana sita ambalo halipasi kuachwa. Wao walifanya kazi. Maamuzi yakafanywa na wanaume, na vitabu vikaandikwa na wanaume. Katika mashamba yetu wanaochuma, wanaomenya na wanaoanika kahawa kwa sehemu kubwa ni akina mama, na kadi ya uanachama ina jina la mume. Kwa hiyo anayejua ni kwa nini kahawa imeota ukungu hayupo mkutanoni, na aliyepo mkutanoni huenda hajui. Chama kinachotaka kahawa bora kimkaribishe mwenye mikono iliyoianika, kimpe kadi na kiti.

NINI LIFANYIKE

Hatupendi kuwatwika wanachama hadithi ya mbali bila kuwaambia matumizi yake. Twaleta mashauri manne, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, kabla ya mkutano mkuu, viongozi wafike katika kila chama cha msingi kusikiliza tu. Wasiende na hotuba. Wajifunze kwa wale wasikilizaji wa Hawthorne waliotupa orodha zao: asikatizwe mtu, asihukumiwe, yaandikwe maneno yake kama alivyoyasema.

La pili, kila lililoandikwa lipate jibu katika mkutano unaofuata, na jibu liingie katika kumbukumbu. Lililowezekana litajwe, lisilowezekana litajwe pamoja na sababu yake. Hapa ndipo tutakapowapita wataalamu wale. Wafanyakazi wao walipata nafuu ijapokuwa hapakuwa na lililobadilishwa. Nafuu ya namna hiyo hatuitaki, kwa kuwa wanachama ndio wenye chama.

La tatu, makato yote yabandikwe ukutani penye mizani, kwa Kiswahili chepesi na kwa kilo moja moja, ili mkulima apige hesabu yake kabla hajaondoka. Uchunguzi wa Hawthorne, pamoja na wachunguzi waliokuja baadaye, umeonyesha kwamba mtu hufanya bidii pale anapoiona njia kati ya jasho lake na ujira wake. Ukarimu wa maneno hauwezi kuziba pengo la njia hiyo.

La nne ni la wanachama wenyewe. Maneno ya njiani yaletwe mkutanoni. Mwanachama anayenyamaza saa ya hoja, kisha akanung'unika usiku, amejivua kura yake kwa hiari, akawa kama fundi wa kiwanda ambaye hakuwa na kura. Kuuza kahawa kwa mlanguzi kwa sababu karani ni mwizi ni kumwacha mwizi kitini na kulidhoofisha ghala lako mwenyewe. Sheria imempa mwanachama haki ya kudai taarifa ya mkaguzi wa hesabu, kuuliza, na kumwondoa kiongozi asiyefaa kwa kura. Haki isiyotumiwa huota kutu.

Kiwanda cha Hawthorne chenyewe hakipo tena. Kilifungwa katika miaka ya 1980, na majengo yake mengi yakabomolewa. Kiliondoka na maelfu ya watu wake bila wao kuulizwa, kwa kuwa hakikuwa mali yao. Chama hiki ni mali yetu. Miaka kumi imekwisha, na mizani ingali inafunguliwa kila msimu kwa sababu wakulima wa kutosha wameendelea kuiamini. Kazi ya miaka kumi ijayo ni kuwapata wale waliobaki na magunia yao uvunguni, na njia ya kuwapata ni kwenda kuwauliza, kuyapokea majibu yao bila hasira, na kurudi kwao tukiwa na hesabu mkononi.

Tunawatakia wanachama wote sherehe njema, mvua za kutosha na bei ya haki.